Nyota nne: hapa Kasarani penye watoto wa fosta wanakutana na wazazi wao wakati wa korona, 2021

Naandika hii mwaka wa 2021 ju watu wananiuliza sana, kanisani, kwa ploti, hadi kwa simu usiku, hasa wale wenye wanalea watoto wa fosta, yaani watoto wa wengine wenye wako kwa mlezi kwa muda, na wale wenye watoto wao wako kwa makao ya watoto, kama ni salama kurudisha watoto kuonana na wazazi ana kwa ana na korona bado iko, na kama hawa watu wa Kasarani wenye wanasimamia hizo ziara wanajua wanachofanya. Wanajua. Nimewapa nyota nne kati ya tano na hiyo moja nimebaki nayo nitaieleza huko chini.

Kwanza mjue naongea nikiwa upande gani. Mimi ni mama mlezi, niko na ndugu wawili, mvulana wa miaka tisa na dadake wa miaka minne, walikuja kwangu kupitia ofisi ya watoto na faili yao iko korti ya watoto pale Milimani. Majina yao hayahusiani na rivyu. Mama yao mzazi yuko, anawapenda, na mpango tangu mwanzo ni warudi kwake akishajisimamia. Kwa hivyo hizo saa za kuonana ni kitu kizito, ndio zinafanya mtoto abaki akijua mamake ni nani, na ndio afisa wa watoto anaangalia akiandikia korti ripoti. Kenya iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za mtoto huko 1990, na kifungu cha 9 kinasema mtoto aliyetenganishwa na mzazi ana haki ya kuonana naye mara kwa mara isipokuwa kama itamdhuru. Nasema hii ju kuna walezi wenzangu wenye wanaona ziara ni kama kumfanyia mzazi hisani, na korona ilipokuja wakaona ni afadhali, hakuna tena kupandisha watoto matatu kila mara.

Mgonjwa wa kwanza wa korona Kenya alitangazwa 13 Machi 2020, na ndani ya hizo wiki shule zikafungwa, korti zikapunguza kazi, makao yakaambiwa yarudishe nyumbani watoto wenye wanaweza kurudi kwa familia, na ziara zetu zikasimama bila mtu kutuambia zitaanza tena lini. Mama yao alikuwa anafulia watu nguo huku Umoja, hiyo kazi ikakauka ju nani alitaka mgeni aingie kwa nyumba yake wakati huo, akarudi kwa mamake Machakos. Halafu 6 Aprili Nairobi ikafungwa. Mpaka upande huo ulikuwa unaishia Athi River, na Machakos taun iko mbele ya hapo, kwa hivyo mama akawa nje na watoto wako ndani, hadi Julai.

Hiyo miezi tulitumia WhatsApp. Mkubwa alikuwa anajaribu, ataongea habari ya mpira, ataonyesha daftari. Huyu mdogo mwanzo alikuwa anabusu simu hadi kioo kinajaa mate, baadaye akaanza kuikataa, ukimpea anaipindua inalala kifudifudi kwa meza na anaenda zake, na mamake kule Machakos anabaki akiangalia giza na kuita jina la mtoto. Mtoto wa miaka mitatu, ndio alikuwa nayo wakati huo, hawezi kushikilia mtu kwa kichwa kupitia simu, anataka harufu yake, mapaja yake, sauti ikitoka kwa kifua penye amelala. Kwa hivyo mtu akiniambia video inatosha hadi ugonjwa uishe namwambia aangalie umri wa mtoto kwanza. Hata Marekani, kwenye korona iliua watu wengi hivyo, Children's Bureau yao, ofisi ya serikali ya mambo ya watoto, iliandika barua 27 Machi 2020 ikisihi korti zisisimamishe ziara zote kwa amri moja ya jumla, kila mtoto aangaliwe kivyake. Sisi huku hakuna mtu alituambia kitu kama hiyo, tulikaa tu.

Sasa nije kwa huduma yenyewe. Nairobi ilipofunguliwa 7 Julai hawa watu hawakukimbia kufungua geti, walianza Agosti, na kabla ya kuanza walipigia kila mlezi na kila mzazi wakaeleza itakuwa aje. Kitu cha kwanza nataka kusifu, na kwangu ndio kubwa kuliko sanitaiza na maski zote, ni ile simu ya siku moja kabla. Wanakupigia wanakuuliza: kuna mtu kwa nyumba ako na homa, anakohoa, amepoteza kunusa ama ladha, amekaa karibu na mgonjwa wa korona kwa hizo siku 14? Wanauliza pande zote mbili, mlezi na mzazi. Mtasema kila mahali wanauliza hayo, na ni kweli, kuna fomu hizo hadi kwa benki. Lakini fikiria uko kwa viatu vya mzazi mwenye watoto wake wamechukuliwa. Umeamka na kikohozi kidogo. Ukisema, ziara inaenda, na kwa faili inaandikwa mama hakufika, na afisa akisoma ataona mama hana haja na watoto. Utasema? Wengi watakunywa tangawizi na ndimu, watameza panadol joto lishuke na watakuja, na mimi singewalaumu.

Hapa walifikiria hiyo. Ukisema uko na dalili, ziara inaandikwa imeahirishwa kwa sababu ya afya, inaandikwa hivyo hivyo kwa ripoti yenye inaenda kwa afisa wa watoto, na unapewa tarehe nyingine hapo hapo kwa simu kabla hujakata. Na siku ile ile watoto wanapata simu ya video badala yake, ndefu, ili wasione kama wamesahauliwa. Mama yetu iliwahi kumpata, aliamka na homa huko Machakos akasema ukweli, wakamwambia "pole sana mama, kaa nyumbani upone, watoto wako hawaendi mahali." Aliniambia baadaye alilia baada ya hiyo simu ju mara ya kwanza tangu kesi ianze alikuwa amesema ukweli na haukumgharimu kitu. Mimi naona hiyo ndio kinga ya kweli. Mashine ya kupima joto kwa geti haiwezi kukuambia mtu alilala aje, na korona mtu anaweza kuipeana kabla hata hajaanza kuumwa, wengine hawaonyeshi dalili kabisa, kwa hivyo unategemea mtu akuambie yeye mwenyewe, na atakuambia tu kama hana cha kuogopa.

Kwa geti wako na mtungi wa maji na sabuni, unanawa, wanapima joto, wanaandika namba yako, basi. Mwanzoni walikuwa na kile kibanda cha kupuliza dawa, unapita katikati unarushiwa maji ya dawa mwili mzima, mdogo aliingia hapo akapiga nduru hadi nikamtoa nimembeba. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikuwa limesema tangu Mei 2020 kwamba kupulizia watu dawa hakufai kabisa, inaweza kuumiza macho na ngozi na haizuii mtu mgonjwa kupumulia wengine. Niliwaambia, na walezi wengine wakasema pia, na wakaitoa, leo pale kwenye ilikuwa kuna benchi ya kungojea. Hiyo nawapea heko ju kuna ofisi ingine hapa mjini, sitaitaja, ilibaki na kibanda chake muda mrefu kwa sababu ilikuwa imenunua pesa mingi.

Kuonana ni nje. Kompaundi yao ni kubwa kiasi, kuna miti ya avokado na chini yake wameweka mabenchi mbalimbali, kila familia na kona yake, familia mbili tu kwa wakati mmoja. Hewa ya nje inatawanya kile mtu anapumua, ndani ya chumba kinabaki kinazunguka, hakuna kitu cha kuongeza hapo. Shida ni mvua. Msimu wa mvua ndefu walikuwa wanaweka tenti, na siku moja wakashusha zile pande zote za tenti ju upepo ulikuwa unaingiza maji, tukabaki wote ndani kama tuko kwa chumba kimefungwa. Mwalimu mmoja mlezi akasema wazi, afadhali tulowe, na wakapandisha pande mbili. Tangu hapo wanatumia veranda mvua ikinyesha, iko wazi upande mmoja, na wanapunguza kuwa familia moja. Julai ni baridi sana hapo, mvalishe mtoto sweta mbili na soksi nzito.

Siku ya kwanza ya kuonana baada ya hiyo miezi nitaieleza vizuri kidogo ju wengi wenu mtaipitia. Kabla ya siku, walimwambia mama ajipige picha akiwa amevaa maski, na ingine bila, anitumie, nionyeshe watoto zote mbili nikisema huyu ni mum na huyu pia ni mum. Nilifanya hivyo kila jioni. Bado mdogo alipofika na kuona mtu na maski ya kitenge anasimama alirudi nyuma ya sketi yangu. Yule dada wa hapo mwenye anasimamia ziara hakumsukuma mtoto. Alimwambia mama aende hadi kwa ule mti wa mwisho, mbali kabisa, ateremshe maski, na aongee. Mama ako na pengo hapa mbele, jino lilitoka kitambo. Akateremsha maski akacheka, pengo likaonekana, akaita mtoto kwa lile jina lenye ni yeye peke yake humuita. Mdogo akasema "mum ya simu." Mama akavaa maski tena akarudi polepole hadi kwa benchi. Mimi nilikuwa naangalia pembeni ju macho yangu hayakuwa sawa.

Kukumbatiana walikataza hizo ziara za kwanza, na hapo mkubwa aliumia, alikuwa anakaa kwa ukingo wa benchi akisugua mikono. Baadaye wakaruhusu kwa utaratibu: nje, mama na maski, mtoto anamkumbatia kiunoni uso ukiangalia upande, mama anaangalia upande ule mwingine, kwa muda mfupi, halafu wote wananawa. Mtoto wa miaka minne hawezi kufuata utaratibu wa uso uende wapi, na wao hawakumpigia kelele, walimwacha tu apakatwe. Pia hawakumlazimisha maski ju WHO na UNICEF walisema wa miaka mitano kurudi chini wasilazimishwe. Mkubwa anavaa akiwa karibu na watu.

Chakula nacho. Kuna mama gani wa huku atatoka Machakos aende kuona watoto wake mikono mitupu? Mara ya kwanza alikuja na hotipoti ya chapati na maharagwe, alikuwa ameamka usiku kupika, na soja akamwambia chakula cha nje hakiingii. Alisimama hapo ameishika na mikono miwili, hakubishana, mtu mwenye kesi yake iko kortini hujifunza kutobishana na mtu wa geti. Dada msimamizi akatoka akasema, "Mama, ingia nayo, tutapanga." Na wakapanga: watoto wananawa, wanakula kwa kona yao mbali na familia ile ingine, mama anawapakulia na maski yake iko juu, yeye atakula akimaliza ziara. Kile kinaleta hatari ni watu kukaa uso kwa uso bila maski wakitafuna na kuongea, chapati haina kosa. Nilimwona akirarua chapati vipande vidogo, anachovya kwa mchuzi, anaweka kwa kiganja cha mdogo kimoja kimoja, na mdogo anakula bila kuangalia chakula, anaangalia macho ya mama tu juu ya ile maski. Sasa chakula kinaruhusiwa kwa kila mtu, bora uwaambie kwa ile simu ya kabla.

Vitu vya kuchezea ni vya plastiki, vinaoshwa na sabuni kati ya familia moja na ingine, vidoli vya kitambaa walivitoa. Kwa maoni yangu hapo wanatumia nguvu nyingi, hata CDC, ile taasisi ya serikali ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ilisema Aprili 2021 kwamba kuambukizwa kwa kugusa vitu ni nadra, na hiyo sabuni na huo wakati ningeweka kwa kuongeza dakika za ziara. Lakini kuosha hakuumizi.

Machi 2021 tulipofungiwa tena, Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru, niliogopa tunarudi kule kule. Safari hii Machakos ilikuwa ndani ya eneo moja na sisi, mama angeweza kusafiri, na hawa watu waliangalia hiyo haraka wakatupigia kabla hata hatujauliza. Hawakufunga. Walirudi kwa familia moja kwa wakati, wakasogeza ziara asubuhi ili mzazi wa mbali afike kwake kabla ya kafyu ya saa mbili usiku, na wenye walikuwa nje ya kaunti tano wakapewa simu za video na ahadi ya tarehe. Walitofautisha mtu kwa mtu. Mwezi Mei njia zikafunguliwa na shosh wa Machakos, yaani nyanya ya watoto, pia akaanza kuja, ako na zaidi ya miaka 58 kwa hivyo alikuwa ameshapata chanjo ya kwanza, na bado wakamkalisha nje na maski kama wengine, wakimweleza kwa heshima kwamba dozi moja bado haijamaliza kazi. Shosh alikubali. Alileta muhogo.

Kitu kingine chenye watu hawaongei: mtoto anarudi nyumbani aje. Baada ya ziara za kwanza mdogo alirudia kukojoa kitandani, na mkubwa akawa mkali, anajibu vibaya, anagonga mlango. Kuna walezi wataona hivyo waseme ziara zinamharibu mtoto, zikomeshwe. Hapa kuna mtu anakupigia kesho yake kuuliza walilala aje, nilimweleza, akasema hiyo ni huzuni ya kuachana tena na inapungua mtoto akiona ziara inarudi siku ile aliambiwa. Alinishauri niweke kalenda kwa ukuta mkubwa awe anapiga alama. Imesaidia. Mdogo sasa analala sawa, saa zingine tu.

Nyota yenye nimenyima. Moja, dakika. Mwanzo ziara ilikuwa nusu saa. Nusu saa! Mtu ametoka Machakos na wakati huo matatu ya watu 14 ilikuwa inabeba 8 tu na nauli ilikuwa imepanda kwa ajili hiyo, akafika taun akapanda ingine hadi Kasarani, akakaa nusu saa na mdogo ndio anaanza kumzoea. Saa hii ni saa nzima, bado ni kidogo kwa mwenye anatoka mbali, na kwa nje hivyo sioni sababu ya afya yenye inazuia saa mbili. Mbili, nauli. Wazazi wengi wa hawa watoto walipoteza kazi ndogo ndogo, na hakuna mpango wowote wa kuwasaidia kufika, halafu ripoti inasema mzazi alikuja mara chache. Nimewahi kumtumia mama M-Pesa mwenyewe na ningefanya tena, lakini isiwe inategemea kama mlezi ako na roho ama ako na pesa. Tatu, na hii inaniuma zaidi, ni mkubwa. Ukiwaweka watu mita mbili na maski, wote lazima wapaze sauti, na msimamizi lazima akae karibu asikie. Mtoto wa miaka tisa ako na mambo ya kuuliza mamake ambayo hawezi kuyapigia kelele chini ya mwavokado familia ingine ikisikia. Nilimwona akifungua mdomo na kufunga. Niliwaambia, wakampea daftari ambayo yeye na mama wanaandikiana, inakwenda na mama inarudi ziara ijayo, na hiyo ni kitu kizuri sana, sijawahi kuifungua. Lakini mtoto mwenye hajui kuandika vizuri atafanya nini? Watengeneze kona moja ya mbali, msimamizi aone bila kusikia kila neno, kwa wale wazazi wenye korti haijasema wasikilizwe kila kitu. Nafasi wanayo huko nyuma kwa shamba la sukuma.

Kama uko na mtoto na unaona kuna kitu hakiendi sawa, hapa ama mahali pengine popote, namba ya simu 116 ya kusaidia watoto ni bure na inashikwa usiku na mchana, mlezi anaweza kupiga, mzazi anaweza, hata mtoto mwenyewe.

Huduma ni bure, usikubali mtu akuambie kuna ada. Jumamosi inajaa haraka sana, Jumatano mchana huwa kuna nafasi ila wenye watoto wako shule itawabana. Simu yao wanashika asubuhi, mchana inalia tu, tuma meseji watakujibu. Na ukifika mvua ikinyesha omba veranda, usikubali tenti yenye imeshushwa pande zote.